Tumbo limetulia, nyumba haijatulia

Shangazi, assalaam aleykum.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nimeolewa Lamu mjini na tunaishi nyumbani kwa mavyaa, mtaa wa Langoni. Nafundisha chekechea. Mume wangu ni fundi wa mashine za boti. Tuna mtoto mmoja, keshaanza shule, na tunamtafuta wa pili. Mungu bado hajajaalia.

Mambo yalianzia tumboni. Kwa miaka sasa tumbo langu hujaa. Asubuhi naamka liko sawa, ikifika alasiri limefura na linanguruma. Mara naharisha, mara siku zinapita sipati choo. Kichwa nacho hakikosi kuuma. Nimepewa dawa za minyoo, nikapewa za vidonda vya tumbo, nikapewa za amiba bila hata kupimwa. Kila dawa ilisaidia kidogo kisha mambo yakarudi palepale.

Lakini kilichonichosha zaidi si maumivu. Lamu unaijua, vichochoro vyembamba, mkipishana na mtu hamna budi kuangaliana. Wanawake wenzangu huniona alasiri natoka kazini, buibui limenibana tumboni, wananiuliza kwa furaha: "Mashallah, miezi mingapi?" Mimi ninayelia kila mwezi chooni, niwajibu nini? Siku moja nilikuwa nimechoka, nikajibu "minne" ili nipite. Kabla sijafika nyumbani habari ilishamfikia mavyaa. Nilimkuta ukumbini ameshaweka udi kwenye chetezo. Nilipomwambia si kweli hakusema kitu, ila tangu siku ile macho yake hayaachi kunishuka tumboni.

Mwezi wa Rajabu binti wa ami yangu aliyeko Mombasa alinitumia kwenye simu orodha ya vyakula vya kuacha mwezi mzima: ngano, maziwa, mayai, njugu na korosho, soya, kamba, kaa na pweza, na sukari. Akaniambia, acha vyote, mwezi ukiisha utajijua. Nikaacha. Nikawa na chungu changu na jiko langu la mkaa uani. Hapa nyumbani chakula cha usiku hungoja mume wangu arudi na kuswali Isha, kwa hiyo sinia huwekwa saa tatu u nusu au zaidi. Mimi saa moja nimeshakula: wali wa nazi au muhogo, changu wa kuchoma au kipande cha kuku, mchicha, chumvi na ndimu, basi. Asubuhi kiazi kitamu na chai ya rangi isiyo na sukari, wao wanakula mahamri na mbaazi.

Shangazi, mabadiliko niliyaona kwa macho. Wiki ya pili tumbo lilikuwa limelala. Kichwa kikaacha. Choo kila siku asubuhi. Nikapita Langoni alasiri na hakuna aliyeniuliza lolote.

Mwezi ulipoisha tu, tukawa na akika ya mtoto wa wifi yangu. Nikakaa na wenzangu kwenye sinia: biriani, sambusa, mahamri, halua, keki, juisi ya embe iliyotiwa maziwa. Usiku ule tumbo lilifura hadi nikashindwa kulala. Kesho yake mchana tukala jodari wa kupaka aliyeletwa na kijana wa jirani. Haikupita saa moja uso ukaniwaka moto, kichwa kikapasuka, moyo ukanienda mbio. Wifi naye alishinda ameshika kichwa siku ile, tukasema ni uchovu wa shughuli na jua.

Basi nimerudi kwenye chungu changu, na sasa nimeongeza: sili jodari, sili nguru, yai naliogopa, hata nazi nimeanza kuishuku. Nguo zinanipwaya. Binti wa ami anasema nifanye mwezi wa pili, niache na wali na nazi, na nimtumie pesa nikapimwe damu Mombasa kipimo kinachoonyesha vyakula mia vinavyokudhuru. Pesa ninazo, nimeziweka kwa karo ya mtoto.

Nyumbani hapakaliki. Mavyaa aliniuliza mbele ya wageni: "Chakula changu kimekuwa sumu?" Wifi amesikia mtaani kwamba natumia dawa za kupunguza mwili, na kwamba ndizo zinazonizuia kushika mimba. Kwa kweli habari za tumbo sijawaeleza kinaganaga. Kuharisha na upepo si mazungumzo ya kumwambia mama mkwe. Mume wangu hagombi, ila juzi aliniambia, "Hospitali hawajakuambia una ugonjwa. Mimi sielewi tunaumwa nini." Aliponiambia "tunaumwa" nilitaka kulia.

Sasa tuko Shaaban. Ramadhani ikiingia, futari ni jamvi moja. Niufuate mwili wangu au nitafute amani ya nyumba?

Mkaza Mwana, Lamu

*

Waaleykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeirudia, na kila nikiirudia nasimama pale kichochoroni uliposema "minne". Mwanamke anayetafuta mtoto kuulizwa mimba isiyokuwepo, tena kwa nia njema, ni jeraha ambalo halitibiwi na orodha ya vyakula. Nalitaja mapema kwa sababu wewe umelipita haraka ukakimbilia ngano na maziwa, na mimi nadhani limo ndani ya kila kitu ulichoandika baada yake.

Unaniuliza ufuate mwili au nyumba. Kabla ya kuchagua, natamani tuangalie mwili umesema nini hasa, maana naona umeutafsiria mengi kuliko yale mwili wenyewe uliyoyasema.

Tumbo lilitulia. Hilo halina ubishi, na asikuambie mtu kwamba ni mawazo tu. Lakini lilitulizwa na nini? Orodha uliyopewa ilikuwa na vitu kadhaa, na wewe uliacha vingi kuliko hivyo bila kujua. Yalipoondoka mahamri, mbaazi za nazi nazo ziliondoka. Chungu chako kilikuwa cha chumvi na ndimu, kwa hiyo vitunguu maji na thomu pia ulivisamehe, ingawa hakuna aliyekuambia. Saa ya kula ilihama, ukala mapema na ukapata muda kabla ya kulala. Na ulikula peke yako uani, pasipo macho ya mtu yanayokushuka tumboni. Hilo la mwisho usilidharau. Utumbo una mishipa mingi ya fahamu na huwasiliana na ubongo saa zote, na mtu anayekula na wasiwasi mara utumbo humbana, mara humkimbiza.

Chukua ngano, ambayo naona umeshaihukumu. Mwaka 2018 watafiti wa Norway walichapisha jaribio lao kwa watu 59 waliokuwa wamejiepusha na gluteni, ile protini ya ngano inayofanya donge la mahamri livutike. Waliwapa vitafunio vya namna tatu, mlaji asijue anakula kipi: kimoja kina gluteni, kimoja kina fruktani, cha tatu hakina hata moja kati ya hizo. Iliyowafurisha zaidi ni fruktani. Gluteni haikuonyesha tofauti na kile kitafunio kitupu. Na fruktani ni aina ya wanga iliyomo kwenye ngano, kweli, lakini imo pia kwenye vitunguu na thomu, na mbaazi nazo zina wanga wa jamii hiyo ambao utumbo hauwezi kuusaga, bakteria wakaula na kutoa hewa. Sasa rudi kwenye sinia ya akika. Biriani ya kwetu hukaangiwa vitunguu kiasi gani? Sisemi kwamba ndivyo vilivyokudhuru. Nasema mwezi wako haukuvitenganisha na ngano.

Maziwa ni mshukiwa mwenye nguvu zaidi, kwa sababu ya wingi wa watu walio na tatizo hilo. Karibu theluthi mbili ya watu duniani, wakishakuwa wakubwa, miili yao hupunguza kimeng'enya cha kusaga laktosi, sukari ya maziwa. Huo si ugonjwa, ni maumbile. Na hata hao, wengi wao huweza kunywa kikombe kimoja kwa mara moja bila shida kubwa, hasa pamoja na chakula, na mtindi huwakaa vizuri kuliko maziwa mabichi kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya hiyo sukari. Kwa hiyo hata maziwa yakithibitika, jibu linaweza kuwa kupunguza, si kuaga moja kwa moja. Kuna jambo jingine pia: mtu akiwa na giardia, kijidudu cha maji machafu, huweza kushindwa na maziwa kwa muda, kisha akitibiwa uwezo ukarudi. Wewe umemeza dawa za amiba bila kupimwa choo. Hapo pana mlango ambao bado haujafunguliwa.

Na yule jodari, mwanangu. Hapa niruhusu niseme kwa uhakika kidogo kuliko kwingine. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto, bakteria huzalisha histamini ndani ya nyama. Ukimla, uso huwaka, kichwa hugonga, moyo huenda mbio, na kwa kawaida huanza ndani ya saa moja. Kupika hakuiondoi histamini, wala kukaanga, wala kupaka nazi. Dalili zake hufanana na za mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, na kwa sababu hiyo watu huacha samaki maisha yao yote kwa kosa la barafu. Umeandika kwamba wifi yako naye alishinda ameshika kichwa. Wewe ulikuwa kwenye orodha ya vyakula, yeye hakuwemo. Samaki yule aliletwa saa ngapi, na alikuwa amekaa wapi? Ulizeni. Huenda ukagundua umemfukuza jodari wote kwa sababu ya mmoja aliyepigwa jua.

Binti wa ami yako alikupa nusu ya kazi. Mtindo huu wa kuondoa vyakula si wa jana. Daktari Albert Rowe wa California aliutumia tangu miaka ya 1920, na hadi leo wataalamu wa lishe wanautumia, lakini una sehemu mbili. Ya kwanza ni kuacha kwa wiki chache. Ya pili ni kurudisha kitu kimoja peke yake, siku ya kwanza kidogo, siku ya pili zaidi, siku ya tatu kiasi cha kawaida, ukiandika unavyojisikia, kisha unapumzika hadi tumbo litulie ndipo uguse kingine. Jibu liko kwenye hiyo sehemu ya pili. Wewe sehemu ya pili uliifanyia kwenye akika, vyakula vyote kwa usiku mmoja, na tumbo likakupa jibu moja kwa maswali yote. Hata mwenye tumbo la chuma, baada ya biriani, sambusa, halua, keki na juisi ya maziwa kwa mpigo, sijui kama angelala.

Tahadhari moja kabla sijaendelea. Kama kuna chakula kilichowahi kukuvimbisha midomo, kukubana pumzi au kukutoa vipele mwili mzima, hicho usikijaribu nyumbani hata kwa kipande. Hicho ni cha daktari.

Tuje kwenye njia ulizonazo, nami nikuambie ninavyoziona na hatari zake.

Kuna mwezi wa pili, wa kuacha na wali na nazi. Naelewa unakuvutia. Mwezi wa kwanza ulikupa kitu ambacho dawa zote hazikukupa, kwa nini usiongeze? Lakini tazama unakoelekea. Ulianza na orodha ya mtu, sasa orodha ni yako na inarefuka kila unapotishika, na nguo zinakupwaya. Mtu akishaanza kuogopa chakula, hofu yenyewe huweza kumletea maumivu, halafu maumivu yakawa ushahidi wa hofu. Tena wewe unatafuta mtoto. Unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani hapa Kenya, kwa sheria, hutiwa madini ya chuma na asidi ya foliki tangu 2012, na Shirika la Afya Duniani hushauri mwanamke anayetaka kushika mimba apate mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku. Ukiacha unga, mayai na samaki kwa pamoja, hivyo utavipata wapi? Majibu yapo, mchicha ni mmoja na vidonge vipo, ila yanataka mtu wa kukupangia.

Kuna kipimo cha damu cha vyakula mia. Sijaona karatasi yake, lakini vingi vya namna hiyo hupima kinga aina ya IgG, na mashirika ya madaktari wa mzio ya Marekani, Kanada na Ulaya yameshauri visitumike kwa kazi hii, kwa sababu kinga hiyo kwa kawaida huonyesha chakula ulichokizoea, si kinachokudhuru. Mla wali wa nazi kila siku ataambiwa aache wali na nazi. Pesa ni zako na uamuzi ni wako. Ningependa tu uulize jina la kipimo kabla ya kuigusa karo.

Kuna njia ya kurudi kwenye sinia moja kwa moja na kuusahau mwezi ule. Nyumba itafurahi, kwa muda. Nawe utarudi kwenye kichochoro na maswali yake. Wako wanawake walioichagua njia hiyo na wakaishi nayo, siwezi kusema wamekosea. Nahofia tu kwamba baada ya wiki kadhaa za tumbo kulala, kulifurisha tena kwa ajili ya adabu kutakujaza kinyongo usichokuwa nacho zamani.

Kuna njia ya hospitali, na hii haizuii nyingine. Mume wako amesema hawajakuambia una ugonjwa. Ni kweli, lakini kwa maelezo yako hawajatafuta pia. Kupima choo, kupima damu kama unayo ya kutosha, na kupima siliaki, ugonjwa ambao gluteni hufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe. Ila hapa pana mtego: kipimo cha siliaki hutaka uwe unakula ngano kwa wiki kadhaa, la sivyo damu inaweza kuonekana safi na kumbe ugonjwa upo. Kwa hiyo mwambie daktari wazi kwamba umekaa bila ngano, akuongoze. Na hilo la kupungua mwili mtajie hata kama yeye hatauliza. Ukiona damu kwenye choo, homa, au tumbo linakuamsha usingizini, usingoje chochote.

Halafu kuna kurudisha kimoja kimoja, ukiwa nyumbani, na hapa ndipo tumbo na nyumba vinapokutana.

Umeniambia habari za tumbo hukumweleza mavyaa kwa kuwa ni aibu. Sawa. Lakini hebu tumwangalie yeye kidogo. Alisikia kuna mimba, akafukiza udi. Akaambiwa hakuna. Hakuuliza, nawe hukueleza. Kisha akaona mkaza mwana ametoka kwenye sinia lake, amewasha jiko uani, anakonda. Mtaa ukamletea habari za dawa. Swali lake la mbele ya wageni lilikuwa kali, sina la kumtetea hapo, lakini sijui kama lilikuwa swali la chakula. Hukuandika ulimjibu nini. Nimejiuliza kama hata yeye, kwa namna yake, anakililia kile unachokililia wewe chooni.

Siwezi kukuambia ukamweleze. Wewe ndiye unayemjua, unajua kama neno litabaki ukumbini au litakutangulia sokoni. Ukiona haiwezekani kwa mdomo wako, kwa kawaida yetu mambo haya hupitia kwa mwana wake. Mume aliyesema "tunaumwa" sidhani kama yuko mbali. Huenda anachongoja ni kuambiwa aumwe nini, yaani apewe la kufanya.

Na ukiamua kumweleza, huna haja ya kutaja kuharisha. Waweza kumwendea na ombi la jikoni. Mwanamke wa umri wake aliyekulia Lamu, nadhani anajua mapishi yasiyo na ngano kuliko orodha yoyote ya kwenye simu: mkate wa mofa wa mtama au mawele, mkate wa sinia wa mchele, vitumbua. Vyote vikiwekwa kwenye jamvi hakuna atakayejua kwamba kuna mtu anachagua. Mchuzi unaweza kutengwa kibakuli kimoja kabla ya vitunguu kutiwa. Hatari yake ni kwamba anaweza kukataa, au kukubali kisha akasahau, au kutia makusudi aone kama utaumwa. Mama wakwe wa namna hiyo nimewasikia pia, sitakudanganya. Ila naona wewe umeandika kana kwamba lazima uchague kati ya chungu cha peke yako na kula kila kilichomo kwenye sinia, na mimi sina hakika kwamba yamebaki hayo mawili tu.

Umeuliza kuhusu Ramadhani. Mwezi mtukufu haufai sana kwa majaribio ya tumbo. Saa zinabadilika, mtu anakaa na njaa kutwa kisha anakutana na kaimati, sambusa na uji kwa mpigo, na kufura jioni huwapata hata wasio na shida. Ukijaribu maziwa wakati huo hutajua ni maziwa au ni futari. Shaaban iliyobaki inatosha kwa kitu kimoja au viwili, na kama ningekuwa karibu nawe ningekuuliza ni kipi unachokikosa zaidi. Watu huanza na wanachokiogopa. Wewe unaweza kuanza na unachokipenda. Yai nalo, unaloliogopa, hukuwahi kusema limekufanyia nini. Ngano ningeisubirisha hadi uonane na daktari, kwa sababu ya kile kipimo. Mengine yanaweza kungoja Mfungo Mosi, Idi ikishapita na vyakula vya wageni vimekwisha. Au ukaona ni heri kutojaribu lolote hadi wakati huo, ule mofa na changu wako kwenye jamvi la futari pamoja na wenzako. Kwa hilo huhitaji ruhusa yangu wala ya Mombasa.